Risasi Isiyo na Mtutu

Katwe, nyuma ya gereji ya malori,
Bbosa aliyeyusha betri zilizokufa
katika sufuria ambayo mamaye aliidai mpaka kaburini.
Kalibu zake zilikuwa za jiwe la sabuni,
kila moja imechongwa kinyumenyume.
Sura ya mtu, alisema, huanzia kisogoni.

Kabla ya tarehe tatu Juni aliuza matita ya matete,
madogo kama ukucha, yanawaka moto.
Mahujaji wa Namugongo waliyabandika kifuani
wakarudi nayo kwa miguu hadi Mbarara.
Hizo zilikuwa beji za kula.
Makombo ya sufuria yalikuwa ya kucheka:

korongo wa jalalani, kipara, amevaa tai,
tumboni ana mlango, mlangoni kufuli.
Jina hakuandika. Nani angeuliza?
Diwani aliuza soko letu usiku mmoja,
asubuhi tukakuta uzio.
Wauza nyanya walimchomeka korongo ndani ya mshipi wa gomesi.
Ukitaka kumwona, uliza bei ya chumvi
kwa mtu asiyeuza chumvi.

Askari wa jiji wakaja na pikipiki mbili.
“Tumesikia unatengeneza risasi.”
“Kilo nne,” akasema Bbosa. “Mtutu sina.”
Mmoja alicheka, akapigwa kikumbo.
Wakalimwaga debe zima mtaroni Nakivubo.
Yule aliyecheka (nilimwona mimi, Zamzam, niliyekuwa nikiwapimia chai)
aliinama kufunga kamba ya kiatu
na kiatu chake hakikuwa na kamba.

Mimi alinipa birika lenye miguu ya kuku, linakimbia.
“Hili halina siasa,” akasema,
akiitazama sufuria.
Sikulivaa. Binti wa Bombo havai risasi ya mwanamume
ambaye babaye hajamwona.

Mwaka uliofuata alihamia Arua, au alihamishwa;
Katwe kila mtu ana yake.

Mvua ikikatika, watoto wa vyuma chakavu
huburuta sumaku mtaroni.
Misumari hupanda. Nati hupanda.
Korongo hapandi:
risasi haina habari na sumaku,
inataka mkono, uvundo hadi kiwiko, na kupapasa.

Birika nimelishona ndani ya mto.
Mguu mmoja umepinda, usiku hunichoma shavu.
Halina siasa, alisema.
Basi mbona nalificha?