Panya wa Kumi na Saba

Naingia saa kumi na mbili, mawe ya Igogo bado yana baridi.
Nabadilisha maranda, naosha chupa, nahesabu mikia.
Jana arobaini. Leo arobaini kasoro mmoja,
na Daktari Kokushubila ameandika daftarini "amekufa usiku"
kwa mwandiko ule ule anaoandikia bei ya pumba.

Wanakunywa kama waliomeza jua.
Wanakojoa mpaka maranda yananata,
na hapo najua sindano ya Jumatatu imekubali:
kongosho limenyamaza, sukari imejaa damuni.
Siku tatu tu.
Mama ilimchukua miaka kumi na tisa
ya kukaa Mwaloni akipima dagaa kwa kopo,
akiinuka kila saa kutafuta choo,
akisema, "Uchovu, mwanangu. Uchovu tu."

Skrubu yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mtama.
Titani. Daktari huishika kwa koleo
kama anayemtoa mtoto kibanzi jichoni,
huizamisha kwenye mfupa chini ya goti,
maana taya la panya halina nafasi ya kutosha.
Kisha tunangoja mfupa ukikumbatie chuma.

Kwa panya wazima, mfupa huja polepole, huziba, hushika,
kama yale majabali ya huku kwetu, jiwe juu ya jiwe,
hakuna saruji, masika hayahesabiki,
na wala halijawahi kufikiria kuanguka.
Kwa wenye sukari mfupa husitasita.
Huja. Hurudi.
Usaha hufika kwanza.

Lugiko, kaka yangu wa mgodini Geita,
ndiye aliyemlipia mama meno mawili ya kupandikiza.
Ng'ombe wanne, kwa hesabu za baba.
Mwezi wa saba, moja likatoka ndani ya tonge la ugali.
Hakupiga kelele. Aliliosha, akalifunga kwenye leso,
akaliweka pamoja na risiti za kiwanja.
"Hata chuma kimenikataa," akasema,
akaendelea kula kwa upande wa pili.

Usiku huniuliza: "Hao panya wako wanasemaje?"
Nikamwambia meno yao hayakomi kuota,
ndiyo maana nawawekea vipande vya mbao wayapunguze.
Akanitazama.
"Mnamuuliza huyo habari za pengo?"
Akacheka, mkono mdomoni.
Zamani hakuwa akiuziba.

Swali lake nikalipeleka kwa Daktari. Hakucheka.
Alisema panya hatafunii ile skrubu,
hana miaka kumi na tisa, hana deni dukani;
kwamba anatujibu nusu, na nusu hiyo tunaihitaji.
Nguruwe angejibu zaidi, taya lake linakaribia letu.
Hela ya nguruwe haijafika.
Kisha akavaa glovu, akaniomba nimletee wa kumi na saba.

Nilipong'oka jino la kwanza tulikuwa tunaishi Igoma.
Mama alinishika bega nisikosee shabaha.
"Sema kwa sauti, asikie."
Panya, panya, chukua hili bovu, niletee jipya.
Likagonga bati, likabingirika, likanyamaza,
na mimi nikalala mdomo wazi ili asipate shida kuingia.

Wa kumi na saba ana sikio lililochanika na moyo wa haraka.
Namdunga ncha ya mkia. Tone.
Mashine inahesabu: ishirini na mbili.
Daktari ametoka kupokea simu.
Nachukua kikaratasi kingine, sindano nyingine,
najidunga kidole cha pete.
Kumi na moja nukta nne, na sijala tangu jana.

Siandiki popote.
Namrudisha kwenye maranda makavu,
namwekea kipande cha mninga.
Anakishika kwa mikono miwili, anaanza.
Krr, krr.
Nasimama pale, ulimi ukipita jino moja moja,
ukihesabu.