Jina Analopenda Kuitwa

Halifax, Februari, saa kumi na moja alfajiri,
mvua ya barafu inaparuza vioo vya wodi.
Kitanda cha karibu na mlango: miaka themanini na minne,
nyonga imevunjika, vidole vimeshika pindo la shuka.
"Enid," naita. "Bi Enid Sugden."
Anatazama dari kana kwamba namwita jirani.

Nesi wa usiku ameshaandika: Amechanganyikiwa. Haitiki akiitwa.
Neno hilo halikukaa kitako. Kabla ya chai
limefika kwa mfamasia, kwa ustawi wa jamii,
kwenye makao ya wazee kule Todmorden
ambako tayari wanasitasita kumpokea.

Mficha maradhi, kilio humfichua.
Huyu hakuficha. Miaka arobaini ameyasema yote
katika zahanati ile ile: presha, magoti,
penisilini inayomvimbisha midomo.
Na penisilini imefika, naam, imefika salama,
kwa herufi nyekundu, na tarehe, na jina la mwandishi.

Nilikuwemo katika vikao vya Leeds,
miezi kumi na minne, biskuti kavu,
tukibishana kisanduku kipi kiwe cha lazima.
Jina analopenda kuitwa.
Bwana Thackray wa mifumo alicheka:
nani atakufa kwa kukosa jina la utani?
Nilikuwa na treni ya saa kumi na mbili.
Nikainua mkono pamoja na wengine: hiari.

Na mashine, ikisikia hiari, huacha.

Saa mbili napiga simu zahanati.
Karani ana mafua; namsikia akibofya, akipenga.
"Enid? Hakuna amwitaye Enid. Huyo ni Peggy,
tangu shule. Kumbe hamlioni? Liko juu kabisa."

Narudi. Sisemi Bi, sisemi Sugden.
"Peggy."
Kichwa kinageuka, polepole, kama komeo lenye kutu.
"Afadhali," anasema. "Na wewe nani?"
Mwanamvua. Namweleza: aliyezaliwa mvuani.
Anatazama dirisha.
"Basi umefika kwenu."

Kwenye kompyuta naandika Peggy.
Lile neno la usiku siwezi kulifuta;
kanuni, na ni kanuni njema, yasema kilichoandikwa hubaki,
husahihishwa chini yake, kwa saa na sahihi.
Nasahihisha.
Lakini nakala zake ziko njiani, sijui ngapi,
na sahihisho langu halina miguu kama yake.

Nanyanyua simu tena. Todmorden kwanza.