Pijo ya Marehemu

Ikisimama, sailensa yake ni cherehani.
Ikipanda, inavuta.
Ila ukituliza themanini, mguu mwepesi,
njia imenyooka baada ya Ndono,
inaanza kukohoa.

Plagi nimebadili. Kabureta nimeifungua mara tatu
juu ya kanga ya mke wangu, mpaka akanuna.

Leo Kapela, fundi wa Ng'ambo,
kaunyonya tu kwa mdomo mpira wa vakyumu:
sahani ndani ya distribyuta ikajizungusha kidogo,
balbu ya kupimia ikazima.

Waya mmoja.
Ganda zima, shaba imekatika ndani.

"Huu haukatiki kwa mzigo," alisema, akitema petroli.
"Unakatika ukistarehe."

Nikamkumbuka baba,
mwaka ule alipostaafu reli.