Mtahiniwa wa Kujitegemea

Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavuliwi Igombe.
Taa za wavuvi hazina kazi mbele ya taa ile moja.
Ndiyo wiki yangu ya shule.
Chanja tupu, nyavu zimekunjwa,
na Mbuke, kidato cha tatu, mwalimu wangu,
amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
daftari magotini, kalamu nyekundu sikioni.
Nilimzaa mimi. Sasa ananiambia, "Rudia."

Ananionyesha neno: simile.
Hilo nalijua! Wabeba magunia pale Mwaloni
wanalipaza kutwa: simile, simile,
pisha ama ukumbwe.
Anatikisa kichwa. "Hili linasomwa simili, mama.
Ni tashbihi. Kitu kufananishwa na kitu."
Basi wao wamelitoa wapi, nauliza,
mbona limevaa kama letu, herufi kwa herufi?
Hajibu. Ananipa vema, nusu.

"Haipaboli."
Linaanza kama kitenzi kinachokataa:
hailiki, haisemeki, haipaboli.
"Kutia chumvi, mama. Toa mfano."
Baba yako aliposema anarudi Jumatatu.
"Hiyo si haipaboli. Huo ni uongo."
Tofauti yake?
Anafikiri. Mawimbi yanalamba mtumbwi uliolala kifudifudi.
"Kwenye haipaboli, msemaji anajua, na msikilizaji anajua."
Basi weka vema, nikasema.
Nilijua.

Aironi sikuhitaji kufundishwa.
Dada yangu Ng'washi anakaa juu ya mawe, Mabatini;
kwenye kidirisha cha choo analiona ziwa lote,
na maji ya choo hicho ananunua kwa ndoo.

Mwezi ukifa, dagaa wanarudi,
nami nayapeleka chanjani yale maneno marefu,
kumi kwa usiku, yameandikwa kwenye kiganja.
Nikigeuza safu moja, natamka moja.
Taya zinauma kama nimetafuna muwa wa jana.
Mama Lushinge, chanja ya pili, amewauliza watu
nimeokoka lini,
maana nimeanza kunena kwa lugha.

Kisha usiku ule. "Yufemizimu."
Nikasikia mizimu mle ndani, nikanyamaza kidogo.
"Tasfida, mama. Jambo chungu, likasemwa kwa ulaini."
Mfano hakuniomba.
Aliandika mwenyewe, upesi,
kiwiko kimeziba ukurasa,
akasema amechoka, akaenda kulala.
Nilifunua daftari. Mwezi ulitosha:
Baba yuko dago, Goziba.

Miaka minne nimempakulia sentensi hiyo,
kila Krismasi, kila michango ya shule,
nikidhani namlisha mtoto.
Kumbe alikuwa akiimeza
ili nishibe mimi.

Novemba. Dawati la arobaini na moja,
katikati ya konda na askari magereza.
Mikono nimeisugua kwa limau; bado inanuka kazi.
Swali la nne: toa mfano mmoja wa yufemizimu.
Mifano ilikuja yenyewe, imejipanga,
laini, imetolewa miba, tayari kwa kumezwa.
Nikaikataa yote.
Nikaandika, kwa Kiingereza changu cha chanjani:
ametuacha.
Ni jibu la kukosa. Najua.
Nililipigia mstari chini, mara mbili.

Mbuke alikuwa getini na chupa ya maji.
"La nne umejibu nini?"
Nimeliruka, nikamwambia. Muda ulinibana.

Akanitazama.
Akaichomoa kalamu nyekundu sikioni, taratibu.
"Na hiyo, mama, ni tamathali gani?"