Daftari la Madeni

Mkaguzi aliichora kwa wino mwekundu,
ngazi iliyokatikia kidato cha tatu.
"Hisabati, darasa la nne: sitini na moja.
Wizara inataka sabini na tano kabla ya kiangazi."
Kiangazi cha Ibra hakingoji mwaliko;
Aprili tu, na vitasa vya magari vinauma vidole.

Nikaitikia. Nani asiyeitikia?
Nikazidisha mazoezi, nikafuta kipindi cha kuchora,
nikabandika nyota za karatasi, nikazibandua,
nikawafunza kubahatisha kwa adabu:
ukikwama, chagua jimu.
Jaribio la kwanza, sitini na moja.
La pili, sitini.

Ustadha Ghalia akafunga mlango wa ofisi,
akamimina kahawa, akasema taratibu kama aombaye dua:
"Wapo wanne, mwanangu. Wanne tu.
Siku ya mtihani mtoto huweza kuamka na homa."
Kahawa ilizidi iliki. Niliinywa yote.
Sikusema ndiyo.
Wala sikusema la, na hilo naliandika hapa
lisije likasahaulika.

Wa tatu kati ya wale wanne: Zayana.
Desimali, sifuri kwa kumi.
Desimali, sifuri kwa kumi.
Desimali, mbili, na hizo ni zile za jimu.

Alasiri nikaenda kwao, ng'ambo ya falaji.
Bibi yake, Bi Shinuna, huuza kila Jumatano
soko la wanawake: bukhuri, lozi,
suruali zenye tarizi kwenye vifundo.
Nilimwamkia kwa Kiarabu changu cha shuleni.
"Karibu mwanangu," akanijibu, "vua viatu hapo kivulini,
visije vikakuunguza ukitoka."
Kiswahili! Kile kile cha jikoni kwa mama yangu,
ninachokizima kila asubuhi langoni
pamoja na simu.

Na pale mkekani, Zayana anamsomea bibi daftari:
"Mama Muadh, bukhuri, riali moja na mia tatu hamsini.
Katoa mia tisa. Bado mia nne na hamsini."
Nikachungulia. 1.350 toa 0.900.
Sifuri zimekaa wima, kila moja mahali pake.
Kurasa thelathini na nane za madeni ya mji mzima
na hakuna kosa, ila jina moja lililokatwa:
marehemu, kasamehewa.

"Nani kakufunza hii nukta?"
Akanitazama kama mimi ndiye wa darasa la nne.
"Si nukta, mwalimu. Hapo ni mlango.
Huku riali, huku baisa.
Ukichanganya, bibi atapata hasara."

Usiku ule niliusoma upya mtihani wangu.
Khalid ana bomba la mita nne na robo.
Khalid analikata.
Kiarabu kimenyooka kama rula,
na hakuna nyumba hata moja mjini
inayozungumza hivyo wakati wa chakula.

Asubuhi nikaandika ubaoni 1.350.
Nikauliza kwa Kiarabu: baisa ngapi?
Kisha, huku nikifuta chaki mkononi,
nikasema upande wa dirisha, kwa sauti ndogo:
"Hapo ni mlango."
Vichwa vitano vikainuka.
Vitano! Mwaka mzima nilidhani ni kimoja.

Siku ya mtihani hakuna aliyeugua.
Wote ishirini na tisa, na wale wanne ndani yake,
na Ustadha Ghalia akihesabu viti mara mbili
bila kunitazama.

Sitini na sita.
Mkaguzi akapandisha kalamu kidogo, akaisimamisha.
"Nilisema sabini na tano."
Nimeliandika na hilo, kwa mtindo wa Zayana:
toa, bado tisa.
Sijui bado ni nani anamdai nani.

Yeye kapata saba kwa kumi.
Kaja mezani kwangu na karatasi, amekasirika,
kidole juu ya lile swali la mwisho:
"Mwalimu, hili bomba lilikuwa la nani?
Na kalikata kwa nini?"