Rangi za Maji, Kwahani

Rukia kachovya brashi katika kikombe kilichokatika mkono,
maji ya kisima, yana chumvi kidogo.
Maghorofa mapya yakaja upesi:
kijivu, kijivu, buluu ya matangi juu,
na winchi, kaipitisha kwa mkono mmoja.

Penye nyumba ya Bi Mize
hakutia kitu.

"Hapo umesahau,"
kasema saidia fundi nyuma yake,
saruji begani.

"Hii nyeupe haipakwi," kamjibu. "Huachwa."

Kijana katua mfuko.
Kaonesha kwa kidole cha vumbi, bila ya kugusa karatasi:
"Basi na hapa. Palikuwa na mfereji wetu.
Ukivuja usiku kucha,
mama akiuapiza."

Hapo rangi ilikwishapita.
Rukia kachukua ncha ya kanga yake,
kaifyonza buluu
ingali mbichi.