Saba

Barua ya Kinshasa inataka majina kabla ya Jumamosi.
Kumi na mmoja ninao: mabega ya Katuba,
wanaume wasio na shingo, waliozoea kubeba.
Nimewaandika bila kufuta hata mmoja.
Wamebaki wawili, sita na saba,
wale wanaoupokea mpira
kama mtu aliyepewa ufunguo kabla ya kuonyeshwa mlango.

Julai hii baridi imekausha kalamu.
Vumbi jekundu limeingia hadi ndani ya daftari,
na nyuma ya nguzo zetu, vipande vya reli vilivyochomelewa,
kile kilima cheusi cha masalio ya shaba
kimekaa kama mdai mlangoni.

Sita ni Mukalay, hilo halina mjadala.
Anauza vocha kwenye mzunguko wa barabara,
siku nzima akipenya katikati ya magari yasiyompenda.
Mwonyeshe mwanya wa kiganja,
atapita, na chenji itabaki.

Saba ndiyo inayoninyima usingizi.

Dieumerci Kitwa akipiga teke, mpira huangukia
pale pale aliposema utaangukia,
pembeni kabisa, ukatulia kama paka jikoni.
Soksi zake safi. Anajua kuongea na wakubwa.
Mjomba wake ana duka la saruji, na Jumatatu
mifuko miwili ilifika kwangu
bila risiti, bila salamu.
Mke wangu akaiegemeza ukutani, akaniuliza:
"Tunajenga nini?"

Halafu yuko Nawej.
Nawej Chiteng, fundi wa kuchomelea, mwenye kigugumizi tangu utoto.
Kabla hajamaliza kutaja jina lake
umeshaangushwa mara mbili.
Na saba ni mdomo! Saba hupanga mstari, huita, hufoka.
Unaangushwa mara sita tu, kisha mpira si wako tena;
nani atangoja neno lililokwama kooni
kama lori kwenye foleni ya Kasumbalesa?

Jana niliwapambanisha.
Kitwa alifoka kwa Kifaransa kizuri sana:
wenzake walimsikia, na wapinzani pia.
Nawej hakusema kitu. Alipiga mluzi.
Mmoja mfupi, mstari mzima ukaelemea kushoto.
Miwili, kulia.
Mmoja mrefu, ulioshuka mwishoni
kama mtu anayejitupa kitini,
na Mukalay akakata ndani, peke yake, hakuna aliyemgusa.
Kimya maana yake teke.
Ilipofika mara ya tatu mabeki walikuwa wanageuka
kumtafuta huyo anayeita mbuzi.

Nikaiwaza timu itakavyokuwa kule:
mmoja wa Matadi anaomba maji kwa Kikongo,
wawili wa Mbuji-Mayi wanataniana kwa Chiluba,
Wakinshasa na Kilingala chao kisichongoja mtu,
na sisi na Kiswahili chetu cha mgodini.
Mluzi hauulizwi umetoka mkoa gani.

Lakini uwanja ukijaa, mluzi huzama.
Hilo nalijua, nilishacheza, mfupa wangu wa bega unalijua.
Nikamfuata Nawej akifungua viatu:
watu elfu kumi wakipiga kelele, nani atakusikia?
Alifungua mdomo, akaufunga.
Akatazama vidole vyake vilivyoungua cheche.
"Wa-wa," akasema, "wa-watanitazama."

Nimeandika.
Kama nimekosea, mtaona Septemba.

Jioni hii nimekodi mkokoteni.
Mifuko miwili ya saruji ni mizito
kuliko ilivyokuwa ikiegemea ukuta wangu,
na mmoja umetoboka chini:
kutoka kwangu hadi duka la mjomba
unachora mstari wa kijivu juu ya udongo mwekundu,
umepinda kwenye kona, umekatika kwenye daraja,
na watoto wa mtaa wanaufuata
wakipiga mluzi.